Kompyuta ya nyumba haijafa, imelemewa



Katika majuma mawili tumeulizwa swali moja na wamama watatu ambao hawafahamiani. Mmoja anauza vitenge hapa Butembo, mwingine ni mwalimu kule Beni, wa tatu ndiye anayeshika kitabu cha AVEC ya kartie yake. Wote wanasema vilevile: kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi na bado haijaamka. Fundi ameiangalia dakika mbili akasema, "Mama, hii imekufa, nunua nyingine." Nao wanauliza kama ni kweli, kwa sababu pesa za kununua nyingine ndizo zilizowekwa kwa minervali ya watoto.

Mara nyingi si kweli. Kompyuta hiyo haijafa. Imebebeshwa mzigo uliotengenezwa kwa ajili ya mashini nyingine, yenye nguvu zaidi.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayoongoza zingine zote. Ndiyo inayoiamsha, inayotambua kibodi, inayoonyesha picha, inayotunza maandishi yako. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa mfumo endeshi. Mafundi wetu wanasema tu sisteme. Tuliyoizoea sisi sote ni Windows, hata wengi wanadhani kompyuta na Windows ni kitu kimoja. Sivyo. Unaweza kuiondoa na kuweka nyingine, kama vile unavyoweza kubadili mpangaji bila kubomoa nyumba.

Sasa, kwa nini inalemewa? Fikiria jiko lako. Kuna meza ndogo unapokatia mboga, na kuna ghala nyuma ya nyumba. Katika kompyuta meza hiyo mafundi wanaiita RAM, na ghala ni diski. Vitu unavyovitumia saa hii vinakaa mezani. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kupeleka vitu ghalani na kuvirudisha, kwenda na kurudi, na ile taa ndogo inawakawaka bila kupumzika. Windows 10 iliyotoka mwaka 2015 ilisema kwa maandishi kwamba meza ya giga 2 inaitosha. Aliyewahi kuitumia kwenye giga 2 anajua ukweli wake. Yenyewe peke yake inajaza sehemu kubwa ya meza kabla hujafungua hata barua moja.

Na mashini zetu nyingi zinafika zikiwa tayari na miaka yake. Zimefanya kazi katika ofisi za Ulaya au Dubai, ndipo zikapita Mombasa, Kampala na Kasindi hadi kwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida, maana yake matundu mapya yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi tena kama zamani. Iliyofuata, Windows 11, inadai RAM ya giga 4 kwa uchache, diski ya giga 64 na kifaa kidogo cha ulinzi ambacho kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazina au hazikubaliwi nacho. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anaambiwa atupe mashini yake nzima, na sisi tunaipokea. Hatuoni haya kuipokea. Lakini tukiipokea tuivike nguo inayoikaa.

Nguo hizo zipo, na ni za bure kisheria. Wengi wenu mmesikia jina Linux. Ilianza mwaka 1991 mikononi mwa mwanafunzi wa Helsinki, Finland, anayeitwa Linus Torvalds. Aliandika kiini cha mfumo akakiacha wazi ili yeyote akichukue, akirekebishe na kukigawa. Juu ya kiini hicho watu wametengeneza mifumo mingi, mizito na myepesi. Mmoja unaojulikana sana ni Ubuntu, ulioletwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake wala halihitaji kufafanuliwa kwa mtu anayesema omundu na abandu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wanatuma hata CD zake bure kwa posta kwa aliyeomba.

Kwa mashini iliyochoka tunataja minne tu, maana ukitaja ishirini mama anafunga gazeti. Kompyuta yenye giga 4 na iliyotengenezwa baada ya 2008 hivi, weka Linux Mint, toleo linaloitwa Xfce. Ina kitufe cha menyu chini kushoto kama Windows ya zamani, na mtoto anaizoea siku moja. Yenye giga 2, jaribu Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Yenye giga 1 au hata nusu yake, kuna antiX iliyoanzishwa Ugiriki. Ikiamka inatumia megabaiti mia mbili au tatu hivi, basi. Sura yake si nzuri, tuseme ukweli, lakini inafanya kazi. Wa nne ni Puppy, ulioanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Huu unaingia wote mezani, yaani katika RAM, ukiwa na chini ya giga 1, na unaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski kabisa.

Hapo kwenye flashi ndipo tunataka kukaa kidogo.

Mifumo hii yote minne inaweza kuandikwa kwenye flashi na kompyuta ikaamka kutoka kwenye flashi hiyo. Kilichomo ndani ya diski hakibadiliki mpaka wewe mwenyewe uamue kukibadilisha. Kuna mama mmoja wa Bungulu, mjane, ambaye kompyuta ya mume wake ilikataa kuwaka miezi mingi. Inaonyesha maandishi meupe na kuzima. Fundi mmoja alimwambia dawa ni kuformate, na bei akaitaja. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na picha za marehemu, za harusi yao na za ubatizo wa watoto, na hakuna nakala popote. Kuformate ni kufagia ghala lote. Mtu akikutajia neno hilo, muulize kwanza: vitu vyangu umeviweka wapi? Kwa mama huyu tuliingiza flashi ya Puppy, mashini ikaamka, tukafungua diski kama mtu anayefungua kabati, na picha zote zikanakiliwa kwenye flashi nyingine jioni ileile. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni Windows tu. Lakini haiwi hivyo siku zote. Diski ikianza kulia kama saa mbovu, hapo ugonjwa ni mwingine, izime na usiendelee kujaribu.

Kompyuta ile leo ina antiX. Binti yake yuko mwaka wa mwisho na anaandika TFC yake nyumbani. Zamani alikuwa anaipeleka kwenye sekretaria ya mjini, analipa kwa kila ukurasa, na ikirudi kwa prof ikiwa na makosa analipa tena. Pesa ni jambo moja. Jingine ni saa. Tangu 2014 watu wa Beni tumejifunza kurudi nyumbani mapema, na binti anayengoja zamu kwenye sekretaria umeme ukiwa umekatika hajui atatoka saa ngapi. Mama haulizi kama antiX ni nzuri au mbaya kwa macho. Anasema tu kwamba saa kumi na mbili binti yuko ndani ya nyumba.

Tunajua mtauliza: na Word je? Ndani ya mifumo hii kuna LibreOffice, inayofungua barua za Word na hesabu za Excel na kuzihifadhi kwa namna hiyohiyo. Ikiwa haimo, unaiongeza bure. Inafaa kabisa kwa barua, kwa ripoti ya chama, kwa kitabu cha AVEC, kwa TFC. Kinachosumbua ni sura: jedwali linaweza kusogea, ukurasa wa 14 ukawa 15, maandishi yakabadilika unene pale unapofungua kwenye kompyuta ya sekretaria. Dawa yake ni rahisi, na hata wenye Windows tunawashauri: kazi ikishakamilika ihifadhi kama PDF ndipo uipeleke kuchapishwa. PDF inatoka kwenye karatasi jinsi ulivyoiona kwako.

Na virusi! Nyote mnaufahamu ule ugonjwa wa flashi, unaifungua unakuta mafaili yamegeuka vishale vidogo na hayafunguki. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux havipati pa kushika. Utaviona pale kama faili geni na kuvifuta. Mwenye sekretaria ndogo anaweza kuweka kompyuta moja kuukuu yenye Linux kwa kazi moja tu, kupokea flashi za wateja na kuzisafisha, kabla hazijafika kwenye mashini yake nzuri. Hatusemi Linux haiugui kamwe. Tunasema wezi wa Windows hawana ufunguo wake. Tena Windows nyingi za hapa ni za kukrakiwa, na aliyekuwekea kraki hujui alikuwekea na nini kingine.

Sasa yale ambayo mfumo mwepesi hauwezi, maana tusiwe kama wauza dawa wa sokoni.

Hauwezi kufanya intaneti iwe nyepesi. Ukurasa mmoja wa Facebook au video ya YouTube unakula megabaiti mamia za meza yako, uwe na Linux au Windows. Kwenye giga 1 utasoma barua pepe na ukurasa mmoja au miwili ya maandishi, si zaidi. Kama mtoto anataka video, simu ya baba yake inazicheza vizuri kuliko kompyuta hiyo, mwache.

Hauendeshi programu zote za Windows. Mwenye duka anayetumia programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa ajili ya Windows asibadili bila kuuliza kwanza. Na mtoto wa Commerciale et Gestion anayetahiniwa kwenye Word na Excel lazima avifahamu vitufe vyenyewe, kwa sababu mwalimu hatampa alama kwa LibreOffice. Kwa mtoto huyo tunapendelea ajifunze nyumbani kuandika haraka na kupanga jedwali kwa LibreOffice, kisha wiki chache kabla ya mtihani atafutiwe mahali penye Word. Anayejua moja anaikamata nyingine upesi.

Printa ni bahati. Za HP nyingi zinakubali bila maneno. Baadhi ya Canon ndogo za laser zimewachosha watu duniani kote, na sisi hatutakuwa tofauti. Ijaribu printa yako ukiwa bado kwenye flashi, kabla ya kuweka chochote kwenye diski. Jaribu na sauti, na Wi-Fi. Na kibodi: kompyuta iliyotoka Ubelgiji ina AZERTY ya Kibelgiji, ambayo inatofautiana na ya Kifaransa kwa baadhi ya alama, na ile ya Dubai ni QWERTY yenye herufi za Kiarabu pembeni. Mfumo utakuuliza kibodi ni ipi. Ukichagua vibaya utaandika neno la siri ambalo wewe mwenyewe hutaweza kulirudia.

Mashini za zamani sana, zile za kabla ya mwaka 2006 hivi, na hata zile kompyuta ndogondogo za mwanzo wenye kichakata cha Atom, ni za biti 32. Watengenezaji wanaziacha moja baada ya nyingine: Ubuntu waliacha kuzitolea mfumo mpya, na Debian, ambayo ni mama wa mifumo mingi ikiwemo antiX, ilipotoa toleo la 13 mwezi Agosti 2025 haikuzitolea tena chombo cha kusimika. Bado zinaweza kuandikia barua kwa toleo la nyuma. Kununua moja leo kwa pesa yako, hapana. Na ile minara mikubwa ya kale yenye skrini nene kama televisheni, hata ukiipewa bure, inakula umeme vibaya. Kwa nyumba inayotegemea sahani ya sola, kompyuta ya mapajani ndiyo ya kutafuta, hata kama betri yake imekufa na inaishi kwa waya.

Kabla ya yote haya, mwambie fundi aifungue apulize vumbi. Vumbi jekundu la Butembo likiziba feni, kompyuta inapata joto na kujipunguzia mwendo yenyewe, na hapo hakuna mfumo utakaoisaidia. Aongeze pia RAM kama kuna iliyobaki kwenye mashini iliyokufa kweli. Giga 2 zaidi zinabadili mengi kuliko mabishano ya mifumo. Na kama kila asubuhi saa na tarehe zimepotea, ni betri ndogo ya duara kama sarafu iliyoisha. Tarehe ikiwa ya uongo, kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka, na watu wanadhani mtandao umekatika.

Lugha: yote minne inasema Kifaransa. Kiswahili ni kidogo sana, na hili linatuuma, kwa sababu haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia na kupiga hesabu kwa Kiswahili. Menyu zake mama wa sokoni angezisoma bila mkalimani. Kazi ya namna hiyo inahitaji watu wa kuiendeleza kila mwaka, maana programu zinabadilika kila mwaka. Vijana wetu wa informatike, pale UCBC ya Beni na kwenye vyuo vya Butembo, wanatafuta kila mara kichwa cha TFC. Hiki hapa ni kimoja, tunawapa bure.

Kwa watoto wadogo kuna jambo zuri zaidi, na mashini dhaifu inaliweza. Programu iitwayo Kiwix inatunza Wikipedia ndani ya kompyuta, ikasomwa bila intaneti hata tone. Ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ndogo. Kuna pia Vikidia, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha watoto wa miaka 8 hadi 13. Tunakumbuka mwisho wa Desemba 2018, intaneti ilipofungwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Aliyekuwa na kitu ndani ya kompyuta yake aliendelea kusoma. Ongeza na GCompris, michezo ya herufi, hesabu na kushika panya, kwa Kifaransa. Mtoto wa miaka minne haoni kama kompyuta ni ya 2009.

Kupata mifumo yenyewe, msipoteze forfait kila mmoja peke yake. Linux Mint au Lubuntu ni karibu giga 3, antiX karibu 2. Mtu mmoja apakue mara moja, wengine wanakili. Sheria inaruhusu, hakuna wizi hapo.

Chama kinazo flashi tatu tayari, moja ya Mint, moja ya antiX, moja ya Puppy. Siku ya mkutano wa Jumamosi, hapa Butembo na kule Beni, dada zetu wawili watakaa na mashini zenu baada ya kuhesabu akiba. Njoo na kompyuta, na chaja yake (juzi wanne walisahau chaja), na flashi tupu ya giga 8 au zaidi ya kuhifadhi vitu vyako, na mtoto mmoja mkubwa wa nyumbani atakayetazama jinsi inavyofanyika, ili kesho usimtafute fundi kwa kila jambo. Anayejua neno la siri la kompyuta aje nalo. Hakuna malipo, mwenye kutaka kuleta sambusa au chai hatazuiliwa.

Juma lijalo tutajibu mama wa Mususa aliyeuliza jinsi ya kutunza maharagwe yasitobolewe na wadudu bila kuyatia dawa ya duka.